Eti Ziwa Limechukua Chake

Kuna sentensi moja ambayo ningependa tuizike, tena bila matanga. Ni hii: ziwa limechukua chake. Umeisikia. Imeandikwa chini ya kila video ya nyumba zilizozama Naivasha. Imesemwa redioni, imesemwa baa, imesemwa na wanasiasa waliovaa gambuti kwa ajili ya kamera, na mimi nimeisikia kutoka kwa kepteni wa boti aliyezima injini juu ya ua wa mtu ili wateja wapige picha. Hutamkwa polepole, kichwa kikitikiswa, kama methali tuliyoachiwa na babu. Hakuna babu aliyeiacha. Ni maneno ya juzi, na kazi yake ni kufunga kesi kabla shahidi wa kwanza hajaitwa.

Hebu angalia sarufi yake. Anayetenda ni ziwa. Anachotenda ni kuchukua. Kinachochukuliwa ni chake. Aliyeuza ploti hayumo. Aliyeipima na kupanda bikoni hayumo. Aliyegonga muhuri hayumo. Hata mwenye nyumba hayumo, labda kama mwizi aliyekuwa amekalia mali ya ziwa na sasa amenaswa. Sentensi ya maneno matatu, na ndani yake watu wote wa maana wameshatoroka kupitia dirishani.

Mtu ataniambia naipa sentensi ya watu wa kawaida uzito wa sheria ya Bunge. Sawa, lakini sheria za Bunge nani anazisoma? Hii ndiyo inayotutawala. Ikishakaa vichwani, mtu anayedai fidia anaonekana mlafi, anayeuliza ramani anaonekana mchochezi, na anayelia anaonekana mjinga ambaye hakujua maji ni maji.

Sasa nieleze nilifikaje kwenye hiyo boti.

Mume wangu ana ugonjwa wa boti za Waingereza. Tunaishi London, ile ya Nakuru, ambapo upepo ukigeuka unaletewa habari zote za jaa la Gioto, na kila jioni yeye anafungua simu kuwatazama wazee waliostaafu wakauza nyumba na kuhamia kwenye boti nyembamba, upana wake mita mbili na kidogo, inayokwenda mwendo wa mtu anayetembea. Mzee anashika usukani, mama yuko nyuma na kikombe cha chai. Video nzima hakuna kinachotokea. Kinachotokea, kikitokea, ni lango la maji.

Nililazimishwa kuyaelewa malango hayo, na sasa sijutii. Boti haiwezi kupanda kilima. Kwa hivyo waliochimba mifereji ile zaidi ya miaka 200 iliyopita walijenga vyumba vya mawe, kila kimoja kina lango mbele na lango nyuma. Boti inaingia chumbani. Lango la nyuma linafungwa. Mama anashuka na mpini wa chuma, anazungusha, na vidirisha vidogo vilivyo chini ya maji vinafunguka. Maji ya juu yanaingia taratibu, boti inapanda nayo, na maji ya ndani yakishalingana na ya mbele, lango la mbele linakubali kusukumwa. Mahali panapoitwa Caen Hill, karibu na mji wa Devizes, malango ya aina hiyo yako 29, moja baada ya jingine. Wanandoa wanaingia asubuhi wakipendana, wanatoka alasiri hawaongei.

Ila kuna jambo moja ambalo wale wazee wote hulirudia: ukipita, hakikisha vidirisha umevifunga. Ukiviacha wazi, maji ya sehemu ya juu yanakwisha usiku kucha, na jirani yako anaamka boti yake imekaa kwenye matope. Na jirani huyo hasemi mfereji umechukua chake. Anauliza, nani alipita hapa jana jioni? Kila tone kwenye mfereji ule lina mtu aliyeliruhusu lipite, na mtu huyo anaweza kutafutwa.

Basi tulipofikisha miaka mitano ya ndoa, mume wangu akataka boti. Kenya haina mto wenye malango ya boti, na hata mito yetu ya boti yenyewe inahesabika. Tukapanda matatu hadi Naivasha, kilomita kama 70, majuma machache baada ya maji ya mwisho wa 2025 kuingia tena Kihoto. Kepteni alikuwa kijana wa heshima. Alitufunga laifujaketi, akatuonyesha viboko kwa mbali (kwa mbali ya kutosha, namshukuru), akatuonyesha furukombe akirushiwa samaki, akatuambia ni wapi ndege za majini za Waingereza zilikuwa zinatua miaka ya 1940. Kisha akauliza, kama mhudumu wa hoteli anayekuuliza kama utaongeza kachumbari, "Mngependa pia niwapitishe Kihoto? Bei ni ile ile."

Mume wangu aliniangalia. Nikasema twende.

Mafunjo yaliishia mahali, na ghafla tukawa tunaendesha boti mtaani. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Kulikuwa na nguzo za stima, waya zake zikiwa karibu na vichwa vyetu. Kulikuwa na tangi jeusi la maji, limejaa maji, limezungukwa na maji. Magugu maji yalikuwa yamepanda hadi verandani kwa mtu, yametandazwa vizuri kama kapeti. Kulikuwa na geti la chuma la bluu, limesimama peke yake kwa sababu ukuta wake wa mabati ulishang'olewa, na geti lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Mwenyewe aliondoka, akafunga. Kama mita 30 hivi kutoka pale, boti nyingine ilikuwa imebeba wapenzi wawili na mpiga picha, msichana amevaa gauni refu jekundu, mpiga picha anamwambia ageuze shingo kidogo ili paa lile lionekane.

Halafu mama mmoja akapita na mtumbwi wa kukodi. Ndani ya mtumbwi kulikuwa na milango mitatu, imelazwa, na kijana wa kupiga kasia ameikalia. Kepteni wetu akamsalimia, "Mama, bado unahamisha?" Akajibu kwamba vyombo alishatoa zamani, alikuwa amerudia milango, kwa sababu mlango ni pesa. Alituangalia sisi wawili na zile laifujaketi zetu za rangi ya machungwa. "Mmekuja kutembea, watoto wangu?" Nikamwambia ndiyo, mama, pole sana. Akasema, "Hapa waliponipimia palikuwa na mahindi. Taito ninayo. Kodi ya ardhi nimelipa mpaka mwaka huu." Alisema mpaka mwaka huu kama mtu anayeonyesha kadi ya kliniki ya mtoto, kwamba chanjo zote amepata, sasa mbona anaumwa?

Alipoondoka ndipo kepteni akasema ile sentensi. Na yeye mwenyewe, alituambia baadaye, alikuwa mpangaji huko huko Kihoto kabla ya kuhamia Karagita. Hiyo ndiyo nguvu yake. Inakaa hata kwenye midomo ya watu iliowaumiza.

Tuichambue basi, na tuanze na sehemu yake ya kweli, kwa sababu ipo. Ziwa Naivasha halina mto unaotoka. Malewa na Gilgil zinaingia, Malewa ikileta sehemu kubwa zaidi kutoka Nyandarua, na juu ya ardhi hakuna mlango wa kutokea. Maji hutoka kwa jua, hutoka kwa kupenya chini ya ardhi, ndiyo maana yamebaki matamu wakati majirani zake Elmenteita na Nakuru ni ya magadi. Mvua ikizidi, ziwa linapanda, ikipungua, linashuka. Lilikuwa juu mwanzoni mwa karne iliyopita, likashuka sana miaka ya 1940, mwaka 2009 likawa chini kuliko lilivyokuwa kwa miongo mingi, na tangu 2010 limekuwa likipanda pamoja na ndugu zake wote wa Bonde la Ufa. Mvua ndiyo sababu kubwa, ripoti ya serikali ya 2021 ilisema hivyo, na sina ugomvi na mvua.

Lakini linganisha na Ziwa Victoria. Kule kuna lango. Liko Jinja, bwawa la Owen Falls lililokamilika mwaka 1954, siku hizi Nalubaale. Mei 2020 ziwa lilipofika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja na kuipita rekodi ya 1964 kwa sentimita moja, mtu wa Kisumu aliyeingiliwa na maji jikoni alikuwa na swali la kuuliza na mahali pa kulipeleka. Mnatoa maji kiasi gani? Mbona hamkuanza kutoa mapema? Pengine jibu lisingemridhisha. Lakini swali lilikuwa na anwani. Mtu wa Kihoto swali lake halina anwani, na pale palipokosa anwani ndipo tulipobandika hiyo sentensi.

Kumbe anwani zipo. Hata ziwa lisilo na lango lina watu wenye funguo, ila funguo zao ni za karatasi. Mashamba ya maua yanavuta maji kwa vibali. Mitambo ya mvuke ya Olkaria inavuta. Huko juu kwenye bonde la Malewa, maji ya Turasha yamekuwa yakichukuliwa tangu miaka ya 1990 kuletwa Gilgil na Nakuru, kwa hivyo baadhi yetu wa Nakuru tunaoga maji ya Naivasha kabla hayajafika Naivasha. Kiasi kikipungua, kila lita ina mwenyewe, ina mita, ina kesi. Kiasi kikizidi, ghafla maji yanakuwa ya Mungu.

Na karatasi muhimu kuliko zote ni ya ardhi. Hapa naomba unisikilize vizuri, maana hii ndiyo hoja yangu.

Mstari wa ziwa unajulikana. Haujagunduliwa mwaka huu na satelaiti. Walowezi waliokuwa na mashamba kando ya Naivasha waliunda chama chao, na miaka ya 1930 wakaelewana na serikali ya kikoloni kuhusu ile ardhi inayobaki wazi maji yakirudi nyuma. Kipimo kilikuwa kimo cha ziwa cha mwaka 1906, futi 6,210 juu ya bahari. Chini ya hapo, mwenye shamba angeweza kulisha ng'ombe, angeweza kupanda mazao, lakini asijenge jengo la kudumu. Kwa sababu gani? Kwa sababu kila mtu mwenye wakili alijua maji yatarudi. Takriban miaka 90 iliyopita, ufahamu huo ulikuwa umeandikwa, umetiwa sahihi, umewekwa kwenye faili.

Sasa ule ufahamu uliishia wapi? Uliishia palepale penye mawakili. Haukushuka hadi kwa mama mwenye milango mitatu. Yeye alipoletwa kutazama ploti aliona mahindi, akaona majirani wameanza kujenga, akaona bango la dalali lenye yale maneno yetu ya kawaida, maji yapo, stima ipo. Serikali leo inasema Kihoto iko ndani ya ardhi ya ziwa. Sawa. Basi zile nguzo za stima zilipandwa na viboko? Taito aliichapisha nani, kamongo? Mtu alikuja na mashine ya kupimia, akafunga kamba, akapanda bikoni, akaandika namba. Mtu mwingine akaipitisha namba hiyo mezani. Mwingine akawa anapokea kodi ya ardhi kila mwaka na kutoa risiti. Kila mmoja wao alikuwa na mpini mkononi, alizungusha, akapita, akaacha wazi. Na maji yalipokuja, hakuna aliyeuliza nani alipita hapa jana jioni.

Unaniambia walionywa. Nimesikia hilo pia, tena kutoka kwa watu ninaowapenda. Walionywa lini? Notisi ya kuhama inayokuja baada ya nyumba kujengwa, baada ya shule kufunguliwa, baada ya kura kuhesabiwa mtaani humo mara kadhaa, hiyo ni dharau iliyopigwa chapa. Onyo lilikuwa na mahali pake: siku ya kupima. Na unaniambia walifuata bei rahisi. Ndiyo, walifuata. Mtu anayefungasha waridi za tarehe 14 Februari, zinazofika Ulaya zikiwa bado na umande, atapanga wapi? Mshahara wake wa mwezi wengine wetu tunauacha Naivasha wikendi moja, kwenye kitanda kinachotazama ziwa. Mpangaji hachagui kati ya kilima na ufuo. Anachagua kati ya ufuo na nauli.

Tena kwenye ufuo huohuo kuna mahoteli, kuna mabanda ya maua, na maji yameingia huko pia. Baringo ilikuwa mbaya zaidi: pale Kampi ya Samaki hoteli nzima zilizama, viboko wakabaki kuogelea penye vyumba vya wageni. Maji hayana matabaka. Sentensi ndiyo ina matabaka. Hoteli ikizama tunasema mwekezaji amepata hasara, na tunamwonea huruma kwa sauti ya chini kama tuko msibani. Kihoto ikizama tunasema ziwa limechukua chake, na tunaongeza kicheko. Sijawahi, hata mara moja, kusikia sentensi hiyo ikisemwa kuhusu bwawa la kuogelea.

Na "chake" chenyewe ni kipi? Kama Bonde la Ufa limeamua kuanza kurudishia wenyewe vyao, foleni ni ndefu na ziwa si la kwanza. Wamaasai ndio waliolipa jina, wakilisikia mawimbi yake. Mkataba wa 1904 ukawahamisha kutoka eneo hili la Naivasha na Nakuru kupelekwa Laikipia, na mwaka 1911 mkataba mwingine ukawatoa hata Laikipia. Waendorois wa Bogoria walishinda kesi mbele ya Tume ya Afrika mwaka 2010 kuhusu ardhi waliyotolewa kando ya ziwa lao. Hao wana karatasi, wana mashahidi, wana hukumu. Bado wanazungushwa. Ziwa lina bahati kuliko wao wote: halina karatasi hata moja na sisi sote tuko tayari kulitolea ushahidi.

Rafiki yangu mmoja wa mambo ya mazingira alinijibu vikali nilipomwandikia haya. Hoja yake ni nzuri, siwezi kuipita kimyamaka. Anasema sentensi hiyo, hata kama ni katili, angalau inawafunza watu wetu kuheshimu asili. Kwamba tumekuwa taifa la kujenga penye mito na kukata penye misitu, na siku tukianza kuamini ziwa lina haki zake, tutaacha. Nakubaliana naye kuhusu mito na misitu. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kumega makumi ya maelfu ya hekta za msitu, sehemu kubwa ikiwa Mau, huko huko mito ya Ziwa Nakuru inakotoka. Udongo unaosombwa kutoka mashamba yale haupotei hewani, unashuka na mito. Lakini hebu mwambie mtu aliyegawa msitu kwamba asili inarudisha yake. Atakubaliana na wewe kwa furaha sana. Atakuletea na soda. Heshima kwa ziwa isiyomgusa aliyegawa ardhi ya ziwa ni heshima rahisi, na wanaoilipia ni wapangaji.

Sisi wa Nakuru tusijifanye watazamaji. Ziwa letu lilikuwa kilomita za mraba kama 40, sasa limepita 60. Limelimeza geti kuu la mbuga, limeingia Mwariki, limeingia Barut. Heroe walioifanya Nakuru ijulikane duniani walihamia Bogoria kutafuta maji yenye chumvi wanayoyajua. Ile ripoti ya 2021 ilihesabu kaya karibu 76,000 katika kaunti 13 zilizoathiriwa na maziwa kupanda. Kaya, si watu. Na mjini, tulichofanya na habari hiyo ni kubadilisha picha ya heroe kwenye kalenda.

Kinachonikasirisha zaidi ni kwamba hata pale penye lango na mwenye lango, bado tunakimbilia asili. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel lilipasuka Solai, kaunti yetu hii, likaua watu 48 usiku. Lile halikuwa ziwa. Lilijengwa na binadamu, kwa faida ya shamba, na maafisa wenyewe walisema baadaye halikuwa na kibali. Lakini siku zile za kwanza nani alikuwa mshtakiwa? Mvua kubwa. Tarehe 29 Aprili 2024, Mai Mahiu: makumi ya watu walisombwa alfajiri. Kwanza tukaambiwa ni bwawa limepasuka. Kisha wizara ikaeleza kwamba ni mto uliozibwa kwenye mtaro unaopita chini ya reli. Takataka na magogo yalijaa, maji yakajikusanya nyuma ya tuta la reli, tuta likaachia. Yaani lango. Lango lililotakiwa kuzibuliwa na mtu mwenye koleo na mshahara. Uliza leo mtaani Mai Mahiu ilikuwa nini, utaambiwa ni mafuriko, na mafuriko ni mvua, na mvua ni Mungu, amina.

Kwenye matatu ya kurudi mume wangu alinuna kidogo. Alisema nimegeuza anivesari kuwa baraza la chifu. Halafu akasema kitu ambacho nimekuwa nikikitafuna tangu siku hiyo: "Sasa unataka watu wasiende? Yule kepteni atakula nini?"

Hapana. Nendeni. Kepteni yule na wenzake ndio waliowatoa watu Kihoto na magodoro yao, kwa boti hizo hizo za watalii, na wengi wao walihamishwa na maji kama abiria wao. Mkiacha kwenda, mtakuwa mmemwongezea adhabu mtu aliyekwisha adhibiwa. Hata wale wapenzi wa gauni jekundu sina neno nao. Picha ya paa lililozama ni ushahidi pia, hata aliyepiga asipojua. Ninachotaka ni kidogo zaidi ya kususia, na kigumu zaidi.

Nataka ule mstari wa 1906 utolewe kwenye faili upakwe rangi. Nguzo za njano, kila mita 100, kuzunguka ziwa lote. Zipite Kihoto, ndiyo, zipite katikati ya ua wa yule mama kama ndiko mstari unakopita. Zipite Karagita na Kamere. Lakini zisigeuke zikifika kwenye ua wa michongoma uliokatwa vizuri. Ziingie mashambani kati ya mabanda ya maua, ziingie kwenye nyasi za mahoteli, zipande kwenye gati za boti za watu binafsi, rangi ileile, urefu uleule, na kwenye kila nguzo iandikwe namba ya ploti na mwaka ilipopimwa. Atakayenunua kesho aione kabla hajalipa dalali. Aliyenunua juzi kwa taito halali, chini ya nguzo, alipwe na aliyeitoa hiyo taito. Tukishazipanda, tutembee nguzo kwa nguzo, tuone mstari unapita kwenye sebule za nani, na karatasi za sebule hizo zina sahihi ya nani chini.